Masahihisho ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele, mezani karibu na dirisha.
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Antena,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeamua kuipokea shikamoo yako mapema nisije nikaisubiri mpaka meno yanitoke. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Unapika, au bado unaishi kwa mikate ya kufungwa kwenye karatasi? Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho ya Baba, ambayo nitayafikia. Saluni inakwenda. Shangazi yupo, mdomo wake upo, na vyote viwili vina afya njema.

Usishangae kuona karatasi. Ningekutumia maneno haya kwenye simu ungenijibu kwa kile kidole gumba chako, na safari hii sikitaki. Haya niliyo nayo yanataka mtu akae chini, avue viatu, asome mpaka mwisho.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Lile la kazi yako limebaki kwangu. Uliponipigia kuniambia kwamba yule bosi wenu, Bwana Viatu Vyeupe, amewaachisha kazi, na kwamba habari yenyewe mliipata kwa ujumbe wa simu asubuhi kabla hata hamjapiga mswaki, niliumia sana. Mtu akufukuze bila kukuangalia usoni! Ukaniomba nisimwambie Baba. Sijamwambia. Lakini siri hii inanikaa vibaya, mdogo wangu, na tangu jana inanikaa vibaya zaidi.

Sasa macho. Daktari anasema ni ile presha ya macho, na imemla Baba kimyakimya muda mrefu kabla hatujashtuka. Amempa dawa ya matone. Dawa hiyo inazuia, hairudishi. Kilichokwenda kimekwenda. Baba anaona katikati tu, pembeni kote giza, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Anajigonga kwenye meza kisha anaigombeza meza. Nilimbana daktari aniambie hilo tundu nalo litaziba lini, akasema tumshukuru Mungu kwa kila anachokiona sasa. Nawe unajua daktari akishaanza kumtaja Mungu maana yake nini.

Kwa ajili ya macho hayo amesogeza kiti chake mpaka mbele ya televisheni, magoti karibu yaguse kioo. Nikimwona pale namkumbuka alivyokuwa akisimama mbele ya ile televisheni yetu ya kwanza, ile ya mgongo mkubwa, wewe uko juu ya paa umekumbatia mti wa antena. Mama dirishani, mimi mlangoni, na Baba anapaza sauti: “Zungusha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!” Nawe unabaki umeganda huko juu mpaka taarifa ya habari iishe, kwa sababu ukiuachia tu zinarudi chenga. Habari zote za utoto wetu sisi tuliziona, wewe ulizishikilia. Ndipo jina hilo lilipokuganda.

Najuta jinsi siku zile zilivyokwisha bila mtu kuziaga. Siku hizi televisheni haihitaji mtu juu ya paa. Ina vituo vingi kuliko tunavyoweza kuvimaliza, na hatukai pamoja mbele ya hata kimoja. Wanangu kila mmoja na kioo chake mkononi. Wakicheka, mmoja anacheka jikoni na mwingine chooni, na hawacheki jambo moja.

Pale saluni nimeitundika televisheni ukutani, juu ya vioo, ili wateja wasione muda. Nimejifunza mengi kuhusu habari kwa kuwatazama wale wanaokaa chini ya drayer. Drayer inanguruma, hawasikii neno, wanaona picha tu. Msomaji anafungua mdomo, anaonyeshwa waziri, linaonyeshwa gari, wanaonyeshwa watu wanakimbia. Akitoka hapo kichwa kimekauka, kila mmoja ana habari yake kamili, na anaapa. Wiki iliyopita wawili nusura washikane nywele nilizotoka kuwasuka mimi mwenyewe. Nadhani nusu ya wanaotuandikia mitandaoni nao wako chini ya drayer mahali fulani.

Na wenye kazi yao nao wamechoka, au wametuchoka. Kuna ule utepe mwekundu chini ya picha, eti Habari za Hivi Punde. Umekaa pale tangu asubuhi, punde gani hiyo isiyopita? Kuna mijadala ya watu wanne, kila mmoja na dirisha lake, wote wanasema kwa pamoja, na mwenye kipindi anatabasamu kana kwamba ndicho alichowaitia. Msomaji anatoka kwenye msiba anaingia kwenye tangazo la magodoro bila hata kumeza mate. Shangazi peke yake ndiye bado ana adabu kwao. Wakisema habari za jioni, anaitikia, “Nzuri, ila mgongo.” Anasema ni vibaya kumwacha mtu anakusalimia humjibu.

Halafu kuna hawa wakubwa wa teknolojia. Nitasema yangu kuhusu wao, nawe usinune, maana hata wewe sasa huna sababu ya kuwatetea. Zamani mtu aliyekuja kwenye televisheni kutuambia kesho itakuwaje alikuwa yule wa hali ya hewa, na akikosea tulimcheka. Siku hizi kila ukiwasha kuna mmoja amepanda jukwaani peke yake, kipaza sauti kimemkaa shavuni kama mbu, anatuahidi kwamba atatuunganisha. Sisi tulikuwa nyumba moja, chumba kimoja, televisheni moja. Alitaka kutuunganisha na nani?

Sisemi ni watu wabaya. Simu ninayo, na wateja wananionyesha humo misuko wanayotaka, kwa hiyo hata mimi nakula kwa jasho lao. Kinachonikera ni kwamba sijawahi kumsikia hata mmoja akisema “hapa tulikosea.” Wanasema “tumejifunza.” Wanajifunza kila mwaka, na darasa lenyewe ni sisi. Nilimwambia Baba hivyo, akacheka mpaka akaomba maji.

Alicheka kwa sababu yeye aliishi kinyume cha hapo. Kusoma prufu pale gazetini, kuwinda makosa kabla ukurasa haujachapwa, kulimfundisha kwamba kosa likishatoka kwa watu huwezi kulifuta, unaliombea radhi. Kesho yake, ukurasa wa pili, chini kushoto, ndani ya kile kisanduku cha Masahihisho. Gazeti lingeweza kuwa na uongo mwingine wote, lakini kisanduku kile Baba alikilinda. Na unajua alivyokileta mpaka nyumbani. Sikumbuki hata siku moja Baba akimwambia mtu “nisamehe” kwa maneno ya kawaida. Angekukaripia leo, akagundua kakuonea, basi kesho wakati wa kula unamsikia anajikohoza.

“Masahihisho. Jana ilisemwa katika nyumba hii kwamba aliyevunja kitasa cha redio ni Antena. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Aliyevunja ni mama yake. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.”

Mama aliangalia sahani mpaka chakula kikapoa, nawe ukatembea kifua mbele wiki nzima. Hakuna aliyeruhusiwa kucheka kabla Baba hajamaliza kusoma, na hakuna aliyeruhusiwa kulizungumza jambo hilo tena baada ya hapo. Likishasahihishwa limekwisha. Nimeolewa, nimeona nyumba nyingine, na sijaona nyumba iliyokuwa na kitu kizuri kama kile.

Ndiyo maana lile la kwenye kundi la familia la simuni linaniuma mpaka leo. Gazeti lilikuwa ndiyo kwanza limefungwa. Baba alikuja nyumbani na rula yake na kikombe chake cha chai, akaviweka juu ya kabati, hajui avifanyie nini. Wiki hiyohiyo Viatu Vyeupe akapanda jukwaani akasema magazeti yalikuwa karatasi iliyokuwa inasubiri kufungiwa samaki, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wewe ukaitupa video ile kwenye kundi letu, na vile vikono vya makofi chini yake. Naamini kabisa hukufikiri. Ulikuwa mgeni kazini, umekipenda kila kitu cha huko, hata viatu. Lakini Baba aliiona kabla yetu sote.

Akaandika: “Anayempigia makofi huyo mtu amfanye ndiye baba yake. Hapa hana baba.” Kisha akatoka kwenye kundi. Hata huko kutoka hakukujua, ilibidi amwombe Shangazi amwonyeshe pa kubonyeza. Hebu fikiri mtu ana hasira kiasi hicho, halafu anasubiri shangazi yako atafute miwani.

Nawe ukajibu “Sawa.” Sawa! Ulipata wapi neno fupi namna hiyo? Mnafanana nyie wawili mpaka inachosha. Tangu siku hiyo hamjasemezana. Yeye ananiuliza kama huko uliko kuna mvua, wewe unaniuliza kama huku kuna joto, na mimi nimegeuka yule bwana wa hali ya hewa.

Jambo moja tu lilitushangaza. Baba aliyesema hivyo hakukosa hata mara moja kumtazama Viatu Vyeupe kwenye televisheni. Akitajwa tu, anataka kimya. Akizindua simu, akihojiwa, akiomba mamlaka zisimguse, Baba yuko kitini. Shangazi akasema chuki hii itampandisha presha nyingine, ya mwili. Siku moja nikamuuliza, “Baba, mtu mwenyewe humpendi, unamtazamia nini?” Akasema, “Namkagua.” Nikaamini.

Ile siku televisheni iliposema Viatu Vyeupe amepunguza maelfu ya wafanyakazi, tulikuwa wote chumbani. Shangazi akacheka, akasema waliozoea kupiga makofi sasa wapige na miluzi. Baba akamgeukia, na unajua sasa inamchukua muda kumpata mtu kwa macho. Akasema, “Asicheke mtu humu ndani. Leo kuna watoto wa watu wamefungiwa mlango.” Hakula siku ile. Akaniuliza kama umepiga simu. Ulikuwa umeshapiga, machozi yako bado yako sikioni mwangu. Nikasema hujapiga, kwa sababu nilikuahidi. Ahadi ile najuta kuitoa.

Sasa nikueleze ya jana.

Nilifunga saluni mapema nikamletea dawa yake ya matone. Nikamkuta yuko mahali pake, na Shangazi pembeni na rimoti, maana Baba vitufe havioni tena. Viatu Vyeupe alikuwa jukwaani, yale maonyesho yake ya kila mwaka. Amezeeka kidogo, viatu bado. Akasema jambo fulani kuhusu mashine itakayotusomea habari ili sisi tusichoke. Kamera ikazunguka nyuma ya ukumbi, ikaonyesha wafanyakazi wake waliobaki, migongo na vichwa, wanasikiliza.

“Hapo hapo! Usiguse!”

Sijaisikia sauti ile tangu uliposhuka kwenye paa. Shangazi alishtuka akabonyeza kitufe cha kusimamisha picha, na sijui kama alijua anabonyeza nini. Baba akainuka kitini akaweka kidole juu ya kioo. Akaanza safu ya nyuma, kushoto kwenda kulia. Akaipanda ya pili yake. Kidole kinakwenda polepole, kinasimama kwenye kila kichwa, kinaendelea, vilevile kama rula yake ilivyokuwa ikiteremka kwenye prufu. Nilisimama na chupa ya dawa mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote ule hakuwa akimkagua Viatu Vyeupe. Alikuwa anampita, anasoma watu waliomzunguka, mmoja mmoja, anakutafuta wewe.

Kidole kikasimama.

“Yupo,” akasema. “Hawakumgusa. Kisogo hiki nakijua, nimekinyoa mimi. Mtazameni, amenenepa.”

Ni mtu wa sweta la kijani, safu ya pili. Mdogo wangu, mimi riziki yangu ni vichwa. Kovu lako la kuanguka kwenye paa liko nyuma ya sikio la kulia, na huyu hana kovu. Nywele zake zinaota kwenda upande mwingine. Na hata angefanana nawe kama pacha, mimi najua uliko: uko chumbani kwako unaandika barua za kuomba kazi. Lakini uso wa Baba ulikuwa umefunguka. Sijamwona hivyo tangu Mama atutoke.

Akarudi kitini, akajinyoosha shati, akajikohoza. Nikajua kinachokuja.

“Masahihisho,” Baba akasema, akimtazama yule mtu kwenye kioo. “Katika toleo lililopita ilisemwa kwamba mtu huyu hapa hana baba. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Baba yupo. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.”

Shangazi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Akafunga mdomo, akabonyeza kitufe, picha ikaendelea. Viatu Vyeupe alikuwa amemaliza kusema, ukumbi ukashangilia, na yule wa sweta la kijani akainua mikono yake akapiga makofi.

“Mmeona?” Baba akasema. “Ameyapokea.”

Kisha likaja tangazo la sabuni.

Leo tangu asubuhi ni mtu mwingine. Ameomba chai mara mbili. Anamwambia kila anayeingia kwamba mwanawe bado yuko kazini, hawakumgusa, tena amekaa safu ya mbele mbele. Ameniambia nimtafutie rula yake juu ya kabati, na sijui anaitakia nini, lakini amekaa nayo mapajani.

Sikumsahihisha, na sitamsahihisha. Kazi hiyo si yangu, na kwa kweli siiwezi. Lakini najuta mpaka usingizi hauji. Maneno aliyokuwa ameyabeba muda wote ule, maneno ambayo ungetembea nayo kifua mbele wiki nzima, yamemwendea mtoto wa watu mwenye sweta la kijani ambaye hata hajui kama yuko chumbani kwetu. Na kwa sheria ya nyumba hii, jambo likishasahihishwa halizungumzwi tena. Baba kwake limekwisha. Hutalisikia likirudiwa ukikaa kimya huko. Litarudiwa kwa njia moja tu, akijua kwamba masahihisho ya jana alimsomea mtu asiyehusika, na kwamba mwenyewe ni wewe.

Basi njoo. Usinipigie simu uniulize kama ni wakati mzuri, na usisubiri kazi nyingine ili uje na heshima. Unaogopa atakucheka kwamba uliyempigia makofi ndiye aliyekutupa. Nimekueleza alivyomwambia Shangazi siku ile. Naye alitupwa, na aliyemcheka alipotupwa ni huyohuyo aliyekutupa wewe. Hakuna mtu katika familia hii atakayekuelewa kuliko huyo mzee unayemkimbia. Ukija, usisimame pembeni, hakuoni. Simama katikati, mbele ya televisheni, umzibie picha kabisa. Aking'aka kwamba unamzibia, usitoke.

Njoo wakati tundu la ufunguo bado liko wazi. Daktari hajaniambia ni lini, na mimi nimeacha kumuuliza.

Shangazi anakusalimu sana na anasema ukija usimletee simu, mletee dawa ya mgongo. Wanangu wanakusalimu, kila mmoja kutoka chumba chake. Yule jirani fundi wa redio aliyekuokota siku ulipoanguka kutoka kwenye paa naye ameniambia nisisahau kumtaja, basi nimemtaja. Mungu akufungulie mlango mwingine huko uliko, akulinde na baridi, na akupe moyo wa kupanda gari.

Baba hakunituma salamu. Nilipomwambia nakuandikia, alisema hana la kuongeza, ameshazungumza nawe mwenyewe jana, na ulimjibu.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na anayekusubiri mlangoni.